Matandazo Yasiyolisha Udongo

 

Nimeombwa nizungumzie matairi chakavu na bustani. Swali lililoletwa kwangu ni hili: Marekani na Ulaya, matairi yaliyokwisha hukatwakatwa, hupakwa rangi ya udongo mwekundu au ya magome ya miti, kisha hutandazwa chini ya maua badala ya majani makavu. Je, na sisi tufanye hivyo? Matairi tunayo, yamejaa nyuma ya kila gereji. Jua tunalo, na maji ya kumwagilia yanapatikana kwa shida. Kijana mwenye jicho la biashara anaona malighafi ya bure na soko linalomsubiri.

Nitatoa jibu mapema, ili anayewahi gari aondoke nalo. Mpira uliosagwa unafaa pale watoto wanapocheza na kuanguka. Kwenye tuta la chakula haufai, na hata kwenye maua ningeuweka mwishoni kabisa mwa orodha. Muda uliobaki nitaeleza sababu, kwa kuwa katazo lisilo na sababu husahauliwa kabla ya mvua inayofuata.

Tuanze na tairi lenyewe. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira wa mti ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika tabia. Haulainiki tena kwa joto wala hausinyai na kupasuka kwa baridi. Salfa hufunga nyuzi za mpira, uzi kwa uzi, kwa vifungo ambavyo moto wa kawaida hauwezi kuvifungua. Vifungo hivyo ndivyo vinavyoliwezesha tairi kubeba lori la mizigo kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Vifungo hivyohivyo vinatuzuia kuliyeyusha tairi lililokwisha na kulimwaga upya kwenye kalibu, kama tunavyofanya kwa chuma chakavu au kwa ndoo ya plastiki iliyopasuka. Tairi limetengenezwa lisiharibike, na hapo ndipo taabu yote inapoanzia.

Ndani yake kuna mpira wa mti, mpira wa kiwandani unaotokana na mafuta ya petroli, masizi meusi yanayokaribia robo ya uzito wake, waya za chuma, nyuzi za nailoni au poliesta, mafuta, salfa, oksidi ya zinki, na dawa za kuuzuia mpira usipasukepasuke kwa hewa na jua. Naomba mzikumbuke mbili za mwisho, zinki na hizo dawa. Tutazirudia.

Anayetaka kujua kazi ya kukata tairi ilivyo ngumu aende akamtazame fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi. Analaza kipande cha tairi juu ya gogo, anachovya kisu kwenye kopo la maji, anakata. Baada ya mikato michache kisu kinarudi majini, kwa sababu mpira mkavu hukishika kisu ukakataa kukiachia. Fundi hulipenda tairi la nyuzi tupu, lisilo na waya chini ya uso unaokanyaga barabara. Akikutana na tairi la waya, makali ya kisu yanakwisha hapohapo, na ncha za waya zilizochomoza zinamsubiri kidole. Mafundi hawa wametengeneza viatu vya wachungaji, wachimba mchanga na wasukuma mikokoteni kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kutuletea maneno ya urejelezaji. Kwao tairi linabaki kipande kizima, linavaliwa mpaka liishe, na halisagwi likachanganywa na ardhi. Mimi ninawaheshimu sana kwa hilo.

Kiwandani kazi ni ileile ya fundi, ila nguvu ni ya umeme. Kwanza inavutwa nje ile duara ya waya nene inayolishika tairi kwenye rimu. Kisha tairi linatumbukizwa kwenye mashine yenye mihimili miwili ya meno ya chuma inayozunguka kwa kukabiliana, likatoka vipande vipana kama kiganja. Vipande vinasagwa tena, sumaku inanyonya waya, feni na chekecheke zinatoa nyuzi za nailoni, na mpira unachambuliwa kwa ukubwa. Wa kutandaza bustanini kwa kawaida ni vipande vya sentimita 1 hadi 4. Wakitaka unga laini zaidi, wengine huugandisha mpira kwa naitrojeni ya kimiminika mpaka unakuwa wa kuvunjika, ndipo huupondaponda. Mwisho ni rangi, ambayo hushikishwa kwa gundi ya poliurethani. Wauzaji wa Marekani hutangaza kwamba wameondoa zaidi ya asilimia 99 ya waya, na kwamba rangi itadumu miaka 10 na zaidi.

Kwa hiyo nyie vijana mnaouliza kama mnaweza kutengeneza hapa kwa panga, shoka na mashine ya kukodi: bila sumaku na chekecheke msijaribu. Tairi la gari dogo lina waya zinazofikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na la lori lina zaidi. Waya hizo zikikatwakatwa zinakuwa sindano, na sindano hizo zitaingia kwenye nyayo za mtoto au kwenye ulimi wa mbuzi anayepita bustanini.

Sasa nitoe sifa panapostahili. Tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa imeweka vipimo vya viwanja vya watoto: tabaka la sentimita 15 la mpira uliosagwa linamlinda mtoto anayeanguka kutoka kimo cha mita 3. Mchanga, hata ukiwa wa sentimita 23, unalinda kimo cha mita 1.2 tu. Hiyo ni tofauti kubwa kwa shule yenye bembea na mtelezo. Vipande vya mbao vya sentimita 23 navyo vinafikia mita 3, lakini huoza na kushindiliwa, hivyo lazima viongezwe mara kwa mara, na shule zetu zinajua ugumu wa kupata fedha za mara kwa mara. Kama kuna mtu hapa ana mashine ya kweli na anatafuta mteja, aanze na shule. Auweke mpira ndani ya ukingo usiovuja, juu ya kitambaa kizito kinachoutenga na udongo, penye kivuli, maana mpira mweusi juani huunguza miguu. Na auweke mbali na bustani ya mboga ya shule.

Tuje bustanini. Mtu aliyekulia kihambani Kilimanjaro au kibanjani Kagera hahitaji kufundishwa matandazo. Majani makavu ya migomba, shina lililokatwa baada ya mkungu kuvunwa, mabaki ya nyasi kutoka zizini, vyote hulazwa chini ya migomba na mibuni. Wahaya walizibeba nyasi kutoka rweya, mbuga iliyo nje ya kijiji, wakazileta kibanjani mwaka hadi mwaka, kizazi hadi kizazi. Rutuba ya rweya ilipungua na ya kibanja ikaongezeka. Walijua wanahamisha nini.

Funueni matandazo ya namna hiyo yaliyokaa miezi kadhaa. Juu kuna jani kavu, bado lina umbo lake. Mkilinyanyua mtaona majani meusi yaliyoshikamana, yenye unyevu, yamepitiwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Chini yake hakuna jani tena. Kuna chembechembe laini, vinyesi vya mnyoo vilivyoviringana, na mizizi myembamba ya mgomba iliyopanda juu kufuata chakula. Hakuna mstari unaotenganisha matandazo na udongo. Kimoja kinageuka kingine mbele ya macho yenu.

Kufunika ardhi isipigwe na jua, kupunguza upotevu wa maji, kuvunja nguvu ya matone ya mvua, kuzuia magugu: hizo ni kazi za matandazo ambazo mpira nao unaziweza kwa kiasi chake. Maji hupenya katikati ya vipande, na kwa kuwa mpira haunywi maji, mbegu ya gugu ikiangukia juu yake haipati unyevu wa kuota. Hayo ni kweli, ingawa baada ya misimu michache upepo unaleta vumbi, vumbi linajaa kwenye nyufa, na magugu yanaota humohumo. Lakini kazi kubwa ya matandazo katika nchi za joto ni kuoza. Kwenye joto letu mboji huisha udongoni haraka kuliko Ulaya, kwa sababu vijidudu vinafanya kazi mwaka mzima bila baridi ya kuvipumzisha. Udongo usiporudishiwa mabaki unakuwa mgumu, unashindwa kushika maji, na mbolea ya dukani inapita bila kukamatwa. Muuzaji anayesifu matandazo yake kwamba hayataongezwa kwa miaka 10 anatuahidi miaka 10 ya kutoulisha udongo. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, hata kama mpira usingekuwa na kemikali yoyote ndani yake.

Nazo kemikali zimo. Linda Chalker-Scott, mtaalamu wa bustani wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ameandika kwa wakulima wa kawaida kuhusu jambo hili, akieleza kwamba mpira si wa milele kama unavyotangazwa. Wapo bakteria na kuvu wanaoutafuna polepole, na mvua na jua husaidia. Ukichakaa, unaachia ulichobeba. Jani linapooza linaachia naitrojeni na potasiamu. Tairi linapochakaa linaachia zinki, salfa, mafuta na mabaki ya zile dawa.

Nipeni nafasi nipige hesabu ya zinki, kwa sababu watu wengi huniambia kwamba zinki ni kirutubisho, tena mashamba mengi yana upungufu wake. Ni kweli kabisa. Chukueni tuta la mita 2 kwa 5. Mkilitandaza mpira wa unene wa sentimita 5, hiyo ni nusu mita ya ujazo. Mita moja ya ujazo ya vipande vya mpira ina uzito wa kilo 400 hivi, kwa hiyo juu ya tuta mmeweka kilo 200. Zinki ni takriban asilimia moja ya uzito wa tairi. Mna kilo 2 za zinki juu ya tuta moja. Sasa mkulima wa mahindi ambaye udongo wake una upungufu hushauriwa kuweka kilo 5 hadi 10 za zinki kwa hekta nzima. Kwa tuta letu, hiyo ni gramu 5 hadi 10. Mpira umeleta mara 200 na zaidi.

Kilo hizo mbili hazitashuka kwa mvua moja. Nyingi zimefungiwa ndani ya mpira na zitatoka kidogo kidogo kwa miaka, kuanzia kwenye uso wa kila kipande. Kwa hiyo vipande vikiwa vidogo, uso unaonyeshewa unakuwa mkubwa na zinki inatoka upesi. Udongo nao una sauti. Kwenye udongo wenye chokaa, zinki hukamatwa na kutulia. Kwenye udongo wenye tindikali, kama ule wa miteremko yetu yenye mvua nyingi, huyeyuka na kuingia kwenye mizizi. Mmea uliozidiwa hudumaa mizizi, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, kana kwamba umekosa chuma. Mwenye bustani akiona njano anaongeza mbolea, na tatizo linabaki palepale. Karanga ndizo za kwanza kuumia. Zikizidiwa na zinki hata shina lake hupasuka karibu na ardhi. Spinachi nayo haina uvumilivu. Mahindi huhimili zaidi. Mwembe mkubwa wa kivuli hautakufa kwa sababu ya ukingo wa mpira, na sitaki kumtisha mtu kwa hilo. Ninasema juu ya mboga, maharage na karanga, vitu tunavyopanda karibu na nyumba kwa ajili ya watoto.

Zile dawa za kuuzuia mpira usipasuke nazo zina historia ya kusikitisha. Kwenye vijito vinavyoingia Puget Sound, jimboni Washington, samaki aina ya salmoni wanaoitwa coho walikuwa wakifa kila baada ya mvua, majike wakiwa na mayai tumboni, kabla hawajataga. Watafiti walihangaika miaka mingi. Mwishoni mwa 2020 walitangaza chanzo: tairi huwekewa dawa iitwayo 6PPD ili hewa yenye ozoni isiupasue mpira, na dawa hiyo ikikutana na ozoni hugeuka kuwa 6PPD-kwinoni. Chini ya mikrogramu moja katika lita ya maji inatosha kumuua coho. Spishi nyingine za salmoni zilivumilia kiwango hicho. Vumbi lililowaua coho lilitoka barabarani, kwenye matairi yanayosagika yakiwa yanakimbia. Lakini dawa ni ileile iliyomo kwenye tairi mnalolikatakata, na mwenye bwawa la sato chini ya bustani yake hana sababu ya kujaribu bahati. Umoja wa Ulaya nao umepita njia hiyo ya tahadhari kwa upande wa plastiki na mpira wa chembechembe: Septemba 2023 ulipitisha kanuni ambayo itafikisha mwisho, mwaka 2031, uuzaji wa chembe za kujazia viwanja vya nyasi bandia.

Kuhusu moto nitasema kwa kifupi, ingawa ni jambo zito. Wataalamu wa Nevada walichoma aina 8 za matandazo kuona yanavyowaka, wakatoa ripoti mwaka 2011. Mpira ulitoa miale mirefu na joto kali kuliko yote. Vipande vya mbao vilivyokwisha kuozeshwa vilifuka tu kwa sehemu kubwa. Huko Hagersville, Kanada, mwaka 1990, lundo la matairi liliungua siku 17. Sisi tunafagia uani na kuchoma takataka karibu na ukuta, tunabandika jiko la mkaa nje, na kuna wanaotupa vishungi vya sigara popote. Mpira usiwekwe kwenye kuta za nyumba. Hilo sina maelewano nalo.

Najua hoja ya mchwa inakuja, nimeiona kwenye nyuso za wakulima wa ukanda mkavu. Majani makavu huita mchwa, mpira hauwaiti. Ndivyo. Lakini mchwa wengi hufuata kilichokufa na kukauka, na mara nyingi wanaupanda mti kwa sababu matandazo yamerundikwa mpaka shinani. Acheni nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina, tandazeni mvua zikiwa zimeshika na ardhi ikiwa na unyevu, na tandazeni kidogo mara nyingi kuliko rundo kubwa mara moja. Mabua yaliyochanganywa na samadi huoza kabla mchwa hawajayamaliza. Na hata wakiyala, wanayapeleka udongoni.

Mtaniuliza: basi matairi tuyapeleke wapi? Swali ni la haki, kwa sababu tairi lililotupwa lina madhara kila siku. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengi na chikungunya, hutaga kwenye ukuta wa ndani wa tairi lenye maji kidogo, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi yakisubiri mvua nyingine. Dar es Salaam ilionja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Tairi lisagwe, litobolewe au lifunikwe, lakini lisiachwe na maji. Kulichoma ili kupata waya za kuuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu ni kuwavutisha moshi huo watoto wa mtaa mzima, na vijana wangu wa gereji mnajua ni akina nani wanafanya hivyo. Tanuri la saruji, linalofika nyuzi 1,450, linaweza kulitumia tairi kama kuni na hata chuma chake kikaishia kwenye saruji. Hilo ni tofauti kabisa na kuchoma jalalani, mradi moshi wake usimamiwe. Katambuga, kamba za kufungia mizigo, matairi ya kukinga majahazi na boti yasigonge gati, viwanja vya watoto: njia zote hizo zinautumia mpira kwa ile sifa yake ya kutooza. Mnaopanda maua ndani ya tairi zima, sina ugomvi nanyi, kwa kuwa tairi zima lina uso mdogo kuliko lililosagwa. Litoboeni chini. Mboga zipandeni kwenye viroba au kwenye ardhi.

Kuna waliokwisha kutandaza, nao wamenifuata kabla ya mhadhara. Fanyeni hivi. Subirini kiangazi, udongo ukiwa mkavu, mkusanye mpira kwa reki, kisha mchekeche tabaka la juu la udongo kwa chekecheke ya mchanga wa ujenzi. Mnachokitoa msikichome, kipelekeni kwenye uwanja wa michezo uliozungushiwa ukingo. Chukueni udongo sehemu kadhaa za tuta, mchanganye, mpeleke sampuli kupimwa tindikali na zinki, kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano kule Tanga au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kama tindikali iko juu, wekeni chokaa ya kilimo kwa kipimo mtakachopewa, halafu mjaze samadi iliyoiva na mboji kwa wingi, kwa sababu mboji huikamata zinki. Tandazeni majani ya migomba juu yake. Msimu wa kwanza pandeni mahindi au maua, na karanga zisubiri mpaka mpate majibu ya vipimo vya pili.